Fraktali inang'aa kwenye skrini, ikichapwa bango inatoka chenga: nibadili programu au tatizo ni mimi?

#1 Jabali la Igoma
Wakuu, habari za leo. Niende moja kwa moja.

Nachora fraktali, zile picha za kanuni za hesabu ambazo umbo lake linajirudia dogo ndani ya kubwa, huu mwaka wa pili. Natumia programu ya Apophysis, inayotoa zile picha za miali zinazofanana na moshi wa ubani ukikatiza kwenye mwanga wa dirisha. Laptopu yangu ni i3 ya zamani, RAM 4 GB, Windows.

Mwezi uliopita nikapata mteja wa kwanza wa kueleweka, dada mmoja mwenye ukumbi wa sherehe hapa Mwanza. Akataka bango la mita 3 kwa 1.5 likae nyuma ya jukwaa. Nikamchorea kitu cha bluu nzito na dhahabu, nilikuwa nawaza ziwa usiku wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa zao. Kwenye skrini kila aliyeiona alishika mdomo.

Bango limetoka, bluu imekuwa zambarau iliyochoka, dhahabu imekuwa chai ya maziwa, na kote kumejaa chenga kama TV ya antena inayotafuta stesheni. Mteja kalipa nusu. Halafu akaniuliza hii AI nimeitoa wapi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela.

Huko nje naona wakubwa wanataja Chaotica, JWildfire, Ultra Fractal, Mandelbulb 3D. Je, ni Apophysis iliyoniangusha? Nihamie ipi kwa mashine hii hii?

#2 Sato Mbichi
Nimekaa siti ya dirishani, wajuzi waje.

#3 Fundi Bango
Nafanya kazi kwenye mashine za mabango, ila sio niliyekuchapia, usije ukanitafuta.

Usiisingizie programu. Skrini yako inatoa mwanga, inachanganya nyekundu, kijani na bluu. Mashine yangu haina mwanga, ina wino wa CMYK, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, unaokaa juu ya turubai. Bluu ile kali inayowaka kwenye skrini haipo kabisa ndani ya wino, kwa hiyo mashine inachagua jirani yake, na jirani yake mara nyingi ni zambarau. Na ile dhahabu yako ni njano na kahawia zilizokaa vizuri karibu na giza, ukiondoa mwanga inabaki chai. Kila wiki naletewa kesi kama hii na vijana wa nembo.

#4 Penguini wa Nyakato
#3 umeeleza rangi, hujaeleza chenga. Chenga haziletwi na wino.

Jabali, fraktali za miali hazichorwi kwa mistari. Scott Draves alipoanzisha utaratibu huu 1992, wazo lilikuwa hivi: nukta moja inarukaruka kwa kanuni zinazochaguliwa kwa bahati nasibu, na programu inahesabu kila pikseli imekanyagwa mara ngapi, halafu inageuza hesabu hiyo kuwa mwanga. Chukua ungo wa mtama urushe juu ya mkeka. Pale ulipoangukia mwingi utaona rundo safi, pembeni utaona punje mojamoja. Hizo punje ndizo chenga zako. Dawa yake ni kurusha mtama zaidi.

Kwenye dirisha la kurenda, yaani kuitoa picha ya mwisho, kuna kisanduku cha kuweka ubora. Uliweka ngapi? Na ujue kwamba ukitaka chenga zipungue kwa nusu, unaongeza ubora mara nne, sio mara mbili. Hapo ndipo watu wanakata tamaa na kuanza kutukana programu.

#5 Jabali la Igoma
Shukrani. Ubora niliweka 200. Ukubwa 1920 kwa 1080. Ilichukua dakika 40, feni ikilia kama mashine ya kusaga. Picha nikamtumia fundi kwa simu.

#6 Fundi Bango
Ulimtumia kama picha au kama dokumenti?

#7 Jabali la Igoma
Kama picha.

#8 Fundi Bango
😂😂😂 Ukituma kama picha inabanwa na kupungua ubora njiani. Jamani funga uzi.

#9 Mwalimu wa Namba
Usiufunge bado, kuna hesabu.

Mita 3 ni kama inchi 118. Pikseli 1920 ukizigawa kwa 118 unapata 16 kwa kila inchi. Hata kwa mtu aliyekaa mbali hiyo ni kidogo mno. Chukulia bango la ukumbini linahitaji pikseli 72 kwa inchi, upana unakuwa kama 8,500 na kimo 4,250. Hizo ni pikseli milioni 36, wakati yako ilikuwa na milioni 2 na kidogo. Karibu mara 17. Kwa ubora ule ule wa 200, dakika zako 40 zinakuwa saa 11 na nusu.

La pili hakuna aliyeligusa. Bango ni 2 kwa 1, picha yako ni 16 kwa 9. Ama fundi alikata juu na chini, ama aliivuta. Kama aliivuta, duara zako zote zimekuwa mayai.

#10 Jabali la Igoma
Mwalimu, nimeenda kuangalia picha ya bango sasa hivi. Ni mayai.

#11 Sato Mbichi
Chai ya maziwa na mayai, ukumbi umepata kifungua kinywa.

#12 Mzee wa Makoroboi
Vijana, mnalalamika dakika 40. Mimi nilianza na Fractint kwenye DOS, kompyuta ya 386. Ile programu ilitoka 1988 na ujanja wake ulikuwa kutumia namba kamili tu, kwa sababu mashine nyingi hazikuwa na kile kijiti cha kuhesabu desimali. Unaweka picha, unaenda kula, unarudi, mistari imefika katikati ya skrini. Na skrini yenyewe haikuwa na rangi za kujivunia.

Ushauri wangu kwa Jabali: chukua Mandelbulber. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inakwenda Windows, Linux na Mac, na ina kitu kinaitwa NetRender, unaunganisha kompyuta kadhaa zikasaidiana picha moja. Hapa kwangu kwenye kijiwe cha intaneti kuna mashine nane zinalala kuanzia saa tatu usiku. Mwaka jana nilizifunga pamoja, picha ya kunimaliza siku mbili ikatoka kabla ya adhana ya alfajiri. Njoo na flashi yako, kahawa juu yangu.

#13 Penguini wa Nyakato
Shikamoo mzee. Mashine nane nimezitamani, ila Mandelbulber ni ya fraktali za pande tatu, mapango na majumba yale. Faili la miali la Jabali halitafunguka humo. Unampa mvuvi wa sato nyavu ya dagaa.

#14 Mzee wa Makoroboi
Marahaba. Basi abadilishe uvuvi. Mapango yanauzika.

#15 Kamanga Feri
Na kama ni mapango bora Mandelbulb 3D. Mandelbrot mwenyewe, yule mwanahisabati wa fraktali, aliitengeneza hiyo mwaka 1980, ndio mama wa zote.

#16 Mwalimu wa Namba
Hapana. Mandelbrot alilitunga neno fraktali 1975, kutoka Kilatini, lenye maana ya kitu kilichovunjika. Seti yenye jina lake aliichapa kwa kompyuta 1980 akiwa IBM. Na alikuwa amesimama juu ya mabega ya Wafaransa, Julia na Fatou, walioandika mambo haya wakati wa vita vya kwanza vya dunia, bila kompyuta. Julia alipoteza pua vitani, akavaa kipande cha ngozi usoni maisha yake yote. Kila mkibofya kitufe cha Julia mkumbukeni.

Mandelbulb, lile dude la pande tatu, ni la 2009, Daniel White na Paul Nylander. Programu ya Mandelbulb 3D ikaja baadaye, ikaandikwa na mtu anayejulikana kwa jina la Jesse.

#17 Kamanga Feri
Nimepokea. Lakini bado Mandelbulb 3D (MB3D) ni bora. Ina fomula utitiri, unazichanganya sita kwa mpigo, na unaweza kunakili picha nzima kama maandishi ukambandikia mwenzako, naye akaifungua kwake. Mandelbulber nilipoifungua mara ya kwanza niliona vitufe kama chumba cha rubani.

#18 Penguini wa Nyakato
MB3D inakula prosesa tu, kadi ya picha inakaa bure. Mandelbulber inatumia kadi. Hapo mjadala umekwisha.

#19 Kamanga Feri
Umekwisha kwa mwenye kadi. Jabali ana i3. Kadi yake ya picha ni ile ya NIDA.

#20 Jabali la Igoma
😂 Naomba turudi kwenye miali. Mimi roho yangu iko kwenye miali.

#21 Binti wa Capri Point
Basi nikujibu kwa miali. Nilitoka Apophysis kwenda JWildfire na sijarudi. Imeandikwa na Andreas Maschke, ni ya bure, inafungua faili zako za .flame kama zilivyo. Kilichonifunga kwake ni umeme. Kuna sehemu ya kurenda polepole unaiona picha ikijisafisha mbele yako, ukitaka unasimamisha, unahifadhi, kesho unaendelea ulipoishia. Kwa mtaa wangu hilo ni neema. Ubaya wake inaendeshwa na Java, inayokula kumbukumbu. RAM 4 GB utaihurumia, funga kila kitu, hata kivinjari.

Chaotica pia inafungua .flame, na kwa macho yangu inatoa mwanga laini kuliko zote. Ila toleo la bure lina mipaka, la kuuzia kazi unalipia. Ultra Fractal nayo ni ya kulipia, ina tabaka kama za programu za kuhariri picha, wachoraji wengi wakongwe wanaapa kwayo. Unapewa siku 30 za kujaribu.

#22 Kijana wa Buzuruga
Ultra Fractal ninayo iliyovunjwa kufuli, nicheki pembeni bei ya soda.

#23 Binti wa Capri Point
Kaka, mtu alishaniuzia "soda" kama hiyo. Ilikuja na kirusi kikageuza kila folda kuwa njia ya mkato. Picha za miezi saba. Usimuuzie mtu.

#24 Kijana wa Buzuruga
Basi dada, nilikuwa nasaidia.

#25 Dada Msusi
Hodi. Mimi sio mtu wa kompyuta, mdogo wangu ndiye alinionyesha uzi huu akanambia "dada, wanaongelea kazi yako". Nikadhani ananitania.

Nikaangalia hizo picha. Mbona ni twende kilioni? Ukianza mstari mbele kwenye paji, fundo la kwanza ni nene. La pili unalipunguza kidogo na kuligeuza kidogo kufuata kichwa. La tatu vile vile, hadi kisogoni yanakuwa kama mkia wa panya. Mkono unafanya kitu kile kile kila mara, ila kidogo kuliko kabla. Ukikosea kipimo pale mwanzo, hukioni, kinakuja kukuumbua kisogoni. Wateja hawajui hilo, wanadhani nimechoka.

#26 Mwalimu wa Namba
Dada, umeeleza kwa aya moja somo ninalohangaika nalo vipindi vitatu. Kuna profesa wa Marekani, Ron Eglash, amelifanyia kazi hilo hilo. Alizunguka Afrika akitazama vijiji, nguo na misuko. Kijiji cha Waila kule Zambia, kikiangaliwa kutoka juu, ni duara la maboma, na kila boma ni duara dogo la umbo lile lile. Tena yeye na wenzake wakatengeneza programu ya kusuka kwenye kompyuta: unaipa fundo la kwanza, unaiambia punguza kiasi gani, geuza nyuzi ngapi, sogeza wapi, rudia mara ngapi. Inachora mstari mzima.

#27 Dada Msusi
Hiyo programu inalipwa shilingi ngapi kwa kichwa?

#28 Sato Mbichi
Dada kauliza swali la maana kuliko wote humu.

#29 Kamanga Feri
Mwalimu, kwa vile unapenda vitu hivi, nijibu moja. Mtandaoni ufukwe wa ziwa letu naona umeandikwa kilomita 3,440, kwingine zaidi ya 7,100. Nani mwongo?

#30 Mwalimu wa Namba
Inawezekana hakuna. Mandelbrot aliandika makala 1967 kuhusu pwani ya Uingereza, akianzia kwenye vipimo vya Lewis Fry Richardson. Ukipima kwa fimbo ndefu unaruka ghuba na pembe ndogo, ukipima kwa fimbo fupi unaingia kila kona, urefu unaongezeka. Tembea kutoka Kirumba kwenda Capri Point ukigusa kila jiwe uone utafika lini. Ufukwe wenyewe ni fraktali.

#31 Kamanga Feri
Au mmoja kahesabu visiwa na mwingine hakuhesabu. Mimi navuka kila siku, visiwa sio vichache.

#32 Mzee wa Makoroboi
Au maji yamepanda. Kuna mwaka ziwa lilikula ngazi za watu.

#33 Fundi Bango
Au magugu maji. Yakijaa kwenye ghuba hujui ufukwe uko wapi.

#34 Binti wa Capri Point
Tumetoka bango tumefika magugu maji. Jabali, ulishajaribu?

#35 Jabali la Igoma
Nimejaribu, ndio maana nilikuwa kimya. Usiku wa kwanza niliweka 8,500 kwa 4,250, ubora 1,000, na ile oversampling (kukokotoa picha kubwa zaidi kisha kuipunguza iwe laini) nikaweka 2. Apophysis ikaniambia kumbukumbu haitoshi.

#36 Penguini wa Nyakato
Lazima. Oversampling 2 inazidisha mahitaji ya kumbukumbu mara nne. Weka 1. Na usirende picha nzima kwa majaribio, kata kipande chenye giza na dhahabu pamoja, ukirende kwa vipimo vya mwisho. Kipande cha ukubwa wa sahani kitakuambia yote.

#37 Jabali la Igoma
Usiku wa pili nimefanya hivyo. Vipande vitatu vya eneo lile lile, nikapeleka kwa flashi, PNG, kwa fundi mwingine. (Fundi Bango kama ni wewe, nilivaa fulana ya njano.)

Cha kwanza Apophysis ubora 200: chenga tele. Cha pili Apophysis ubora 2,000: chenga zimebaki kidogo kwenye giza, ukisogea hatua tatu huzioni. Cha tatu JWildfire, sikumbuki ubora, niliisimamisha umeme ulipoanza kupepesa: chenga kama cha pili, ila mwanga wake ni tofauti, dhahabu imekuwa na wekundu.

Bluu ni zambarau kwenye vyote vitatu.

#38 Fundi Bango
Si nilisema? Wino. Na sio mimi, mimi siku hiyo nilikuwa msibani.

#39 Penguini wa Nyakato
Si nilisema? Ubora.

#40 Binti wa Capri Point
Si nilisema? Angalia dhahabu ya cha tatu.

#41 Mwalimu wa Namba
Hicho cha tatu hakithibitishi kitu maana hajui ubora wake. Na wekundu unaweza kuwa gama, ule mpangilio wa ukali wa mwanga. Programu mbili zinasoma faili moja lakini kila moja ina namna yake ya kukunja mwanga.

#42 Penguini wa Nyakato
Au laptopu yake skrini ni ya bluu tangu mwanzo, anarekebisha rangi kwa jicho lililodanganywa. Jabali, fungua picha ile kwenye simu mbili tofauti uone kama ni bluu ile ile.

#43 Jabali la Igoma
Nimefungua simu mbili na TV ya baba. Ni bluu tatu.

#44 Mzee wa Makoroboi
Chora na kijani basi.

#45 Kijana wa Buzuruga
Mimi bado sielewi la AI. Si umwambie tu mteja ni AI, ndio mtindo?

#46 Jabali la Igoma
Siwezi. AI unaiandikia sentensi inakuletea picha. Mimi nimekaa na pembetatu zile za Apophysis wiki mbili, nasogeza ncha moja nywele moja, picha nzima inageuka. Nilimfungulia yule dada faili la .flame, ni maandishi matupu, namba juu ya namba, nikabadilisha namba moja mbele yake, taa za wavuvi zikahama kwenda upande wa pili. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Kumbe hii ni kazi."

#47 Dada Msusi
Alimalizia nusu ya pili?

#48 Jabali la Igoma
Amesema nimchapie upya kwanza. Safari hii atakuja mwenyewe kwa fundi kuangalia kipande kabla.

#49 Fundi Bango
Aje asubuhi, mashine ikiwa imeshapata moto. Na umchagulie bluu kutoka kwenye karatasi ya rangi zilizochapwa, sio kwenye simu.

#50 Penguini wa Nyakato
Na umwage mtama wa kutosha.

#51 Sato Mbichi
Swali la mwisho. Bango la kwanza liko wapi?

#52 Jabali la Igoma
Mama kalichukua. Anaanikia dagaa.

#53 Sato Mbichi
Ndio maana wa juzi walikuwa na chenga.

#54 Kamanga Feri
Jabali, hiyo .flame ya taa za wavuvi utatubandikia lini? Nataka nione kama MB3D inaweza kuiga.

#55 Binti wa Capri Point
Haiwezi.

#56 Kamanga Feri
Tutaona.